Mnyama Ndani ya Jina: Uhakiki wa Fasiri za Majina ya Kienyeji ya Mimea ya Uingereza

Mwenye kuyasoma maandishi ya Kiingereza yanayohusu maisha ya mashambani, yawe mashairi, tamthilia au vitabu vya dawa vya zamani, hukutana mara kwa mara na majina ya mimea yaliyobeba wanyama. Kuna glavu ya mbweha, sikio la panya, mguu wa ndege, ulimi wa mbwa, jino la simba, mdomo wa korongo na kitani cha chura. Mengi ya majina haya yalitoka vinywani mwa wachungaji, wakulima, waganga wa mitishamba na watoto. Mengine yaliingia vijijini kutoka katika vitabu vya Kiyunani na Kilatini, yakazoeleka hata ikasahauliwa kwamba yalikuwa wageni. Msomaji wa kwetu anapoyakuta katika matini anayoifundisha au kuitafsiri, aghalabu hufanya moja kati ya mambo mawili: huyaruka, au huyageuza neno kwa neno.

Katika makala haya hatukusudii kuyaorodhesha majina hayo. Kazi hiyo ilikwisha kufanywa na James Britten na Robert Holland katika kamusi yao ya majina ya mimea, iliyotolewa kwa sehemu kati ya 1878 na 1886. Baadaye ikaendelezwa na Geoffrey Grigson katika The Englishman's Flora (1955) na Richard Mabey katika Flora Britannica (1996). Tunalokusudia ni kuhakiki namna majina hayo yalivyofasiriwa. Hoja yetu ni kwamba mnyama aliyemo katika jina ana kazi, na kazi hiyo si moja katika majina yote. Wafasiri wengi wamekosea kwa kuwa walimwondoa mnyama, au walimpachika mahali asipokuwapo, kabla ya kuuliza anafanya nini pale. Kosa hilo si dogo. Nyuma yake limo swali linalomhusu kila mtafiti wa lugha, hata wa lugha za Kiafrika: je, yule mtu asiyejua kusoma aliyeupa mmea jina, alijua alilokuwa akilisema?

1. Kesi ya glavu ya mbweha

Tuanze na jina mashuhuri kupita yote, 'foxglove', yaani glavu ya mbweha. Mmea huu, ambao wataalamu huuita Digitalis purpurea, una maua ya zambarau yanayoning'inia kama vidole vya glavu. Ni mmea wenye sumu, na pia ni dawa: mwaka 1785 daktari William Withering alichapisha kitabu kizima kuhusu matumizi yake katika kutibu uvimbe wa maji mwilini, na tangu hapo ukapata nafasi katika tiba ya moyo. Jina lake ni la kale sana. Katika maandishi ya Kiingereza cha kale, mnamo mwaka 1000 hivi, tunakuta umbo 'foxes glofa', ambalo maana yake haina utata wowote: glavu ya mbweha.

Hata hivyo wasomi wa karne ya 19 hawakuridhika. Mbweha avae glavu za nini? Mwaka 1847 William Henry Fox Talbot, ambaye anajulikana zaidi kwa uvumbuzi wake katika upigaji picha, alipendekeza kwamba neno la kwanza lilikuwa 'folks', likiwa na maana ya wale vibwengo wa ngano za Kiingereza, na kwamba wanakijiji walilipotoa likawa 'fox'. Mwaka 1863 R. C. A. Prior, katika kitabu chake kuhusu majina ya kienyeji ya mimea ya Uingereza, alimwacha mbweha mahali pake akaigeuza glavu kuwa muziki. Fasiri zote mbili zinapendeza masikioni. Zote mbili zinaanguka mara tu zinapowekwa mbele ya umbo la kale, kwa sababu mbweha yumo na glavu imo, miaka mia nane na zaidi kabla ya wasomi hao kuzaliwa. Walter W. Skeat, mwanaisimu wa Cambridge, aliupinga vikali mtindo huo wa kubuni asili ya maneno bila ya kuyatazama maandishi ya zamani. Isitoshe, Wanorwe nao huuita mmea huo 'revebjelle', kengele ya mbweha. Mataifa mawili jirani yamemweka mnyama yuleyule katika mmea uleule. Ni shida kuamini kwamba yote mawili yaliteleza ulimi.

Ugonjwa huu wa kumfukuza mnyama umeenea. Waridi la mwituni liitwalo 'dog rose', waridi la mbwa, limedaiwa kuwa asili yake ni 'dag', yaani kisu, kwa sababu ya miiba yake. Dai hilo linasahau kwamba Wayunani walikuwa na jina la waridi la mbwa muda mrefu kabla ya Waingereza, na kwamba Plinio, mwandishi wa Kirumi wa karne ya kwanza, anasimulia habari za askari aliyeponywa kichaa cha mbwa kwa mzizi wa waridi hilo baada ya mama yake kuoteshwa ndotoni. Mbwa wa jina hili, kwa hiyo, ni mbwa wa maradhi. Vivyo hivyo ua la manjano la malishoni liitwalo 'cowslip' limeelezwa mara nyingi kuwa ni mdomo wa ng'ombe. Kwa kweli umbo la kale, 'cuslyppe', lina neno lenye maana ya kitu chenye utelezi, na maelezo yanayokubaliwa ni kwamba ni mavi ya ng'ombe. Aliyelitunga jina hili alijua kwamba ua lile humea pale ng'ombe wanapolisha. Waliokuja baadaye waliona haya, wakalisafisha.

Haki itutendeshe kukiri upande wa pili. Watu wa kawaida nao huyapotoa maneno, na mara nyingine mnyama huingia katika jina kwa mlango wa nyuma. Mmea mchungu uitwao 'wormwood' unaonekana kana kwamba una mnyoo ndani yake, lakini umbo la kale ni 'wermod', ambalo halina mnyoo wala mti. Sauti za neno lisiloeleweka tena ziligeuzwa kuwa maneno mawili yanayoeleweka. Watafsiri wa Biblia kwa Kiswahili walifanya vyema kuutumia mmea unaojulikana kwetu, pakanga, badala ya kuhangaika na mnyoo huo wa kubahatisha. Kipimo basi hakiwezi kuwa kumwamini mwanakijiji kila mara, wala kumshuku kila mara. Kipimo ni ushahidi wa umbo la zamani, na baada yake, uchunguzi wa kazi ambayo mnyama anaifanya.

2. Kazi nne za mnyama

Kazi ya kwanza ni ya sura. Hapa mnyama ni tashbihi iliyofupishwa. Mmea uitwao mguu wa ndege una maganda ya mbegu yaliyotanda kama vidole vya ndege. Sikio la panya ni jani dogo lenye manyoya. Mdomo wa korongo, 'crane's-bill', ni tunda refu lililochongoka. Yafaa kuangalia kwamba mnyama wa sura hahitaji kuonekana na mwenye kulitumia jina. Korongo wa aina hiyo walikuwa wamekoma kuzaliana Uingereza kwa karne kadhaa hadi wachache walipofika Norfolk mwaka 1979, na muda wote huo jina liliendelea kuishi. Halikadhalika simba wa 'dandelion' aliletwa na Wafaransa: 'dent de lion' ni jino la simba, kwa ajili ya ukingo wa jani wenye meno. Mkulima wa Kiingereza aliyelitamka kila siku hakuwa amemwona simba, wala hakusikia tena kwamba simba yumo.

Kazi ya pili ni ya matumizi. 'Chickweed' ni gugu la kuku na 'goosegrass' ni nyasi ya bata bukini, kwa sababu ndege hao hulishwa mimea hiyo. 'Hogweed' ni gugu la nguruwe kwa sababu hiyohiyo. Majina haya hayana mapambo. Ni mafunzo ya ufugaji yaliyokunjwa katika neno moja, na mtoto aliyeyajua alijua pia nini cha kuchuma jioni.

Kazi ya tatu ni ya majira. Mmea uitwao 'cuckooflower' haufanani kwa lolote na ndege 'cuckoo', jamaa wa dudumizi na tipitipi wetu. John Gerard, katika kitabu chake cha mitishamba cha mwaka 1597, alikwisha eleza kwamba maua hayo huchanua Aprili na Mei, wakati ndege huyo anapoanza kuimba. Ndiyo maana jina hilohilo, katika wilaya mbalimbali, limepewa mimea tofauti kabisa. Britten na Holland wanaiorodhesha mimea hiyo kana kwamba ni mkanganyiko. Kwa maoni yetu hapana mkanganyiko wowote. Kila wilaya ililitumia jina kwa ua lililochanua kwake ndege alipowasili. Jina liliutaja wakati, na mmea ulikuwa shahidi tu.

Kazi ya nne ndiyo iliyo muhimu zaidi na ndiyo iliyofasiriwa vibaya zaidi: kazi ya hukumu. Katika kundi hili mnyama hafanani na mmea, hauli, wala hatokei wakati wake. Anaupima. 'Dog-violet', vayoleti ya mbwa, ni vayoleti isiyokuwa na harufu, ikilinganishwa na ile inayonukia vizuri. 'Dog's mercury' ni mmea wenye sumu, ukilinganishwa na jamaa yake aliyetumika kwa dawa. 'Horse-radish' ni figili iliyo kubwa na kali, na 'horse-mint' ni nanaa iliyo nene na duni kwa harufu. 'Cow parsley' ni kotimiri isiyofaa mezani. 'Toadflax', kitani cha chura, ina majani yanayofanana na ya kitani, ila haitoi nyuzi za kufumia nguo. Mbwa, farasi, ng'ombe na chura hapa wamekuwa kama viambishi. Mbwa anasema 'si ile halisi'. Farasi anasema 'kubwa na ya kukwaruza'. Chura anasema 'inadanganya'.

Jambo hili linapaswa kutuvutia sisi tunaofundisha lugha za ngeli. Kiingereza hakina njia ya kawaida ya kulikuza au kulidunisha jina kwa kiambishi. Sisi tukitaka kumkuza nyoka tunasema joka, na tukitaka kumdunisha mtu tunasema kijitu. Mwanakijiji wa Kiingereza, akiwa hana ngeli ya kumsaidia, alikwenda zizini akamleta farasi. Katika majina ya hukumu mnyama ni sarufi zaidi kuliko sitiari. Mfasiri anayetafuta kufanana kati ya mbwa na vayoleti anatafuta kitu ambacho hakikuwekwa pale.

3. Chungu cha wachawi

Hadi hapa tumewashtaki wale wanaomfukuza mnyama. Siku hizi limezuka kosa la kinyume, nalo limeenea hata madarasani. Katika tamthilia ya Macbeth, wachawi wanapika chunguni viungo vya wanyama, miongoni mwavyo jicho la mjusi wa majini na ulimi wa mbwa. Inadaiwa kwamba vitu hivyo si viungo vya wanyama hata kidogo, bali ni majina ya siri ya mitishamba: jicho lile ni mbegu ya haradali, ulimi ule ni mmea 'hound's-tongue', na kadhalika. Dai hili humpendeza mwalimu, kwa kuwa linawageuza wachawi kuwa waganga wa kienyeji na kuuondoa ukatili wa chungu.

Tuliangalie kwa makini. Ni kweli kwamba mmea uitwao ulimi wa mbwa ulikuwapo na ulijulikana. Umo katika vitabu vya mitishamba vya wakati wa Shakespeare. Lakini vitabu hivyo haviiiti haradali jicho la mjusi. Kwa hiyo jina moja la kweli limetumiwa kuyabeba mengine yasiyo na mzizi. Pia, na hii ndiyo hoja nzito, matini yenyewe inalikataa dai hili. Katika chungu hichohicho mna mzizi wa 'hemlock' na vichipukizi vya mti wa 'yew', na vyote viwili vimetajwa kwa majina yao ya wazi. Mtunzi alipotaka mmea aliutaja mmea. Tena mnatiwa viungo vya binadamu, ambavyo hakuna aliyethubutu kuvifanya mboga. Orodha inapanda kutoka kwa mnyama mdogo hadi kwa mtoto mchanga, na anayeigeuza nusu yake ya kwanza kuwa bustani anauvunja mpando huo na kuiharibu tamthilia.

Si kwamba Shakespeare hakuyajua majina ya mashambani. Katika Hamlet, malkia anapoeleza shada la Ofelia, anataja ua moja na kuongeza kwamba wachungaji huliita kwa jina chafu zaidi, asilolitamka. Wahakiki wengi wanaona kwamba anamaanisha moja ya zile okidi ambazo Gerard anaziita kwa korodani za mbwa, za mbuzi au za mbweha, kutokana na umbo la mizizi yake. Pale jina la mnyama lipo, na mtunzi anatuonyesha kwamba lipo kwa kulificha. Tofauti kati ya matini hizi mbili ni somo zuri la uhakiki. Katika Hamlet tunaambiwa kwamba kuna jina la pili. Katika Macbeth hatuambiwi, na hatuna ruhusa ya kulibuni.

4. Mfasiri wa Kiswahili afanye nini?

Suala hili si la Waingereza peke yao. Tangu S. S. Mushi alipoitoa Makbeth mwaka 1968, na Julius Nyerere kabla yake alipomfasiri Juliasi Kaizari, Kiswahili kimekuwa na fasihi ya Kiingereza ya kale mikononi mwake, na kazi inaendelea. Kamusi za lugha mbili nazo haziwezi kuikwepa mimea hii. Kwa hiyo tunatoa mapendekezo yafuatayo.

Mnyama wa sura abaki, kwa kuwa picha husafiri. Mguu wa ndege utaeleweka Mombasa kama unavyoeleweka Kent. Na sisi wenyewe tunayo ndizi tuiitayo mkono wa tembo, kwa ukubwa na umbo lake. Ila mfasiri achunge pale ambapo lugha yetu inawagawa wanyama kwa namna nyingine. Kiingereza kina mdomo wa 'crane' na mdomo wa 'stork', mimea miwili, ilhali neno letu korongo hutumika kwa ndege wote wawili. Mbweha wetu pia si yule wa Ulaya hasa. Hata hivyo ujanja wake katika hadithi unatosha kulibeba jina.

Mnyama wa matumizi abaki pia, kwa kuwa ni habari. Mnyama wa majira abaki pale tu ambapo msomaji ataelezwa majira yenyewe. Vinginevyo afadhali kuutaja mwezi au msimu kuliko kumtaja ndege asiyesema kitu.

Mnyama wa hukumu asitafsiriwe kabisa. Vayoleti ya mbwa kwa Kiswahili ni upuuzi. Msomaji atadhani mbwa huila. Lugha yetu ina neno linaloifanya kazi hiyo kila siku, nalo ni mwitu: tunasema mchicha mwitu na tango mwitu. Vayoleti mwitu, nanaa mwitu na kotimiri mwitu zingetosha katika matini nyingi, na pale ambapo udanganyifu ndio kiini, kama katika kitani cha chura, tungeweza kusema kitani cha uongo. Hatari ya kutafsiri bila ya kupima inaonekana vizuri katika 'viper's bugloss'. 'Bugloss' asili yake ni neno la Kiyunani lenye maana ya ulimi wa ng'ombe. Mwenye kufuata kila neno atapata ulimi wa ng'ombe wa kifutu, mnyama ambaye hata wachawi wa Macbeth wasingempata.

5. Tamati

Tumejaribu kuonyesha kwamba majina haya yana mpango, na kwamba waliofanya haraka kuyasahihisha waliupoteza mpango huo. Talbot hakukosa elimu. Alilolikosa ni imani kwamba mtu wa shamba aweza kusema jambo la ajabu kwa makusudi. Anayedai kwamba chungu cha Macbeth ni cha mitishamba anakosa imani hiyohiyo kwa mtunzi.

Wakati huohuo majina yenyewe yanapungua. Mwaka 2007 kamusi ya watoto ya Oxford iliacha maneno kadhaa ya mimea na wanyama, yakiwemo 'cowslip' na 'dandelion', ili kupisha maneno ya maisha ya sasa. Mwaka 2015 kundi la waandishi, miongoni mwao Margaret Atwood na Andrew Motion, lilitoa barua ya kulalamika, na mwaka 2017 Robert Macfarlane na mchoraji Jackie Morris walitoa kitabu The Lost Words kwa ajili ya maneno hayo. Ndege 'cuckoo' mwenyewe yumo katika orodha nyekundu ya Uingereza tangu mwaka 2009. Ua lake bado linachanua Aprili, lakini katika mabonde mengi hakuna anayeimba, na jina linaanza kuwa saa iliyosimama.

Hapa ndipo somo linapotufikia sisi. Wakusanyaji wa Kiingereza walianza mapema, na bado walikuta mengi yamekwisha kusafishwa au kufasiriwa upya na waungwana. Mwanafunzi wetu anayekwenda Lamu, Taita au Kakamega kuandika majina ya mimea asiishie kuuliza mmea huu unaitwaje. Aulize mnyama aliyemo anafanya nini, aandike jibu kama alivyolisikia, hata likiwa na mavi ya ng'ombe ndani yake, na ajizuie kulisahihisha.